Nusu Yako, Nusu Yangu

Ndosho, Goma
Mwezi wa nane, 2025

Mpendwa dada yangu Katungu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta mzima pale Butembo, wewe na watoto na wajukuu, na kwamba baridi ya huko haijakushika kifua. Sisi hapa tungali tunapumua. Nyumba imesimama, matundu ya bati tumeyaziba, na maharagwe niliyopanda katikati ya mawe yameota kuliko nilivyotarajia. Ukiniuliza kama kuna amani, nitakujibu kama tunavyojibiana wote hapa mtaani: kumekucha.

Sasa niingie katika somo, maana mwalimu akizunguka sana wanafunzi husinzia. Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba tansio, yaani shinikizo la damu, ni ugonjwa wa vita. Ati ilikuja pamoja na mabomu, na siku mabomu yatakaponyamaza nayo itafunga mizigo iende zake. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo kwenye simu Jumapili ile. Ulisema walikupima pale parokiani, muganga akashtuka, akakupa vidonge na kukuomba urudi. Hukurudi. Vidonge umeviweka kabatini vingoje siku kichwa kitakapouma. Nilipokuuliza mimi kaka yako kwa nini, ulicheka: “Yaya, nani hana tansio katika Kongo hii? Hata kuku wana tansio!” Nami nilicheka, halafu mega za simu zikaisha, ikakatika.

Ndiyo sababu nimeandika. Kwenye simu unacheka, na mtu anayecheka hasikii. Barua haiwezi kukatizwa. Nimempa Wivine, yule mama mfanyabiashara wa vitenge, ambaye anapitia Bunagana, anaingia Uganda, anazunguka na kurudi kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Zamani ilikuwa barabara moja tu, Goma, Rutshuru, Butembo. Leo barua ya kaka kwa dada inavuka mipaka miwili. Basi kwa kuwa imesafiri hivyo, isome mpaka mwisho. Usiiruke kama ulivyokuwa ukiruka masomo yangu.

Najua pia una swali ambalo umeniuliza mara nyingi: kwa nini mke wangu Apolline, mulamu wako, hapokei tena simu. Nitakujibu. Lakini jibu lina mzizi, na mimi siwezi kumwonyesha mtu jani kabla ya mzizi.

Unamkumbuka Généreuse, yule mama wa Rutshuru aliyekuwa akimletea Apolline maharagwe ya kuuza, ambaye wewe ulisema anacheka kama mlango usiotiwa mafuta. Vita vilipofika kwao alikimbia kwa miguu, akalala msimu mzima wa mvua chini ya hema la plastiki nje ya mji, hadi Apolline alipomtafuta kambini na kumleta kwetu. Wengine hukimbia na godoro, wengine na mbuzi. Yeye aliingia mlangoni kwetu na mfuko wa chumvi kichwani.

Nilimtania kwamba labda aliambiwa Goma hakuna chumvi. Hakucheka. Alinieleza kwamba katika vita vya zamani, alipokuwa msichana, walijificha msituni muda mrefu wakila majani na mizizi iliyochemshwa kwa maji matupu. Walivimba miguu, walisahau hata ladha ya kinywa chao wenyewe. Tangu hapo chakula kisicho na chumvi hakiiti chakula. Anakiita chakula cha kukimbia.

Jioni ile Apolline alipika sombe, yale majani ya muhogo. Akaonja, akatia chumvi, akamtazama mgeni, akatia tena. Généreuse alipoweka tonge la kwanza mdomoni alifumba macho, akasema sasa ndiyo amefika. Ilikuwa saa nzuri, Katungu, na sitaki uione vingine. Lakini tangu siku ile chungu chetu kilipikwa kila siku kana kwamba kila siku mgeni ndiyo anaingia. Chumvi ndani ya chungu, chumvi kidogo kando ya sahani, na vile vidonge vya mchuzi tunavyovunjia ndani ya sosi, ambavyo navyo ni chumvi iliyovaa nguo nyingine. Mimi nilikula nikaongeza. Ilikuwa tamu.

Mambo mengine yalikuja polepole. Risasi ziliposikika karibu, watu waliacha kutembea. Apolline, ambaye ulimjua akienda soko kwa miguu huku akisalimia kila mlango, alianza kupanda moto, yaani pikipiki, hata kwa kwenda kanisani, kwa sababu moto inakimbia. Tulifunga milango mapema. Tulikula mara moja kwa siku, jioni, bugali mkubwa wa kuzuia njaa ya kesho, kisha tukalala juu ya tumbo lililojaa. Hakuna hata moja kati ya mazoea hayo tuliyoyachagua. Kila moja lilikuwa na sababu nzuri. Mazoea mabaya, dada, huingia nyumbani yakiwa na barua ya utambulisho.

Niruhusu nikueleze kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi. Fikiria mipira ya maji ya hapa Ndosho, iliyolazwa juu ya mawe makali ya volkeno. Maji yakikatika muda mrefu halafu yakarudi kwa nguvu, mpira wa zamani haulalamiki. Haupigi kelele. Unatanuka kidogo hapa, unalika kidogo pale, na wewe unachota bidoni lako na kushukuru. Siku unapopasuka unasema umepasuka leo. Hapana. Leo ndiyo umeona. Ndani ya mwili ni hivyo hivyo: mishipa ni mipira, moyo ni pampu, chumvi inaongeza maji ndani ya mipira na nguvu inapanda. Na kichwa kinaweza kisiume hata kidogo. Mtu anayesubiri kichwa kiume ndipo ameze dawa ni kama mtu anayesubiri mafuriko ndipo atafute fundi.

Sasa dawa. Apolline alikuwa na vidonge vyake tangu kabla ya Généreuse kuja, kimoja kila asubuhi. Nilikuwa nikimwona anapokea kikombe cha maji, anatupa kitu mdomoni, anameza. Sikuona zaidi ya hapo, wala hakuna mume anayemchungulia mkewe mdomoni. Kumbe Généreuse alikuwa akiamka kila siku na kichwa kinachomgonga kama nyundo. Alipomwambia Apolline, Apolline alimjibu kwamba hata yeye ndivyo alivyoanza, ni tansio, na kwa kuwa wanakula chungu kimoja, ugonjwa wao pia ni mmoja. Akachukua kisu cha vitunguu, akakata kidonge katikati. Nusu yako, nusu yangu.

Wewe ni mtu wa kwetu, hutashangaa. Nani kati yetu angefunga kabati lake mbele ya mgeni? Mama alitufundisha kwamba kitu kikiingia ndani ya nyumba yenye wageni, kisu kinapita katikati yake: muhogo, sabuni, kitenge. Hakutuambia kwamba kuna kitu kimoja kisichopitishwa kisu.

Na haikuishia hapo. Barabara zilipofungwa na dawa kuwa haba, wale mama wawili waliamua kuweka akiba. Siku wanapojisikia vizuri, hawamezi. Wanaweka zile nusu kwa ajili ya siku mbaya, kama vile tunavyoweka unga. Vita imetufundisha kuweka akiba ya kila kitu, na hilo ni jambo la akili. Unga utakuokoa kesho hata kama hukuula leo. Dawa ya tansio haifanyi hivyo. Kazi ya leo haiwezi kuifanya kesho.

Ile wiki ya mwezi wa kwanza, mabomu yalipokuwa yakianguka mjini, tulikuwa tumelala chini sebuleni. Kulipotulia kidogo, Apolline aliinuka akisema lazima tule. Alikwenda kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Nilisikia sahani ikianguka. Nilimkuta amekaa sakafuni, makala yamemwagika kando yake, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kuume umelala juu ya mapaja kama mkono wa mtu mwingine.

Moto hazikutembea siku ile. Benny, seremala jirani yetu anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, alivuka barabara akikokota chukudu lake kubwa la kubebea magunia. Tulimlaza Apolline juu yake, Généreuse akamshika kichwa, mimi nikasukuma nyuma. Benny alikuwa akisema njia nzima, “Mama, kamata, hii haina frein ya kuisimamisha.” Nadhani alikuwa akijisemea mwenyewe.

Hospitalini sakafu yote ilikuwa imejaa majeruhi. Tulimlaza kwenye kona ya ukumbi juu ya mkeka. Kila aliyepita alituuliza risasi imeingilia wapi. Daktari kijana aliinua kitenge akatafuta jeraha, akageuza, akatafuta tena. Nilimwambia, mwanangu, hakuna risasi. Alipompima tansio aliita mwenzake. Wakaniuliza kama anameza dawa. Nilijibu kwa sauti ya mwalimu kwamba anameza, kila asubuhi, bila kukosa.

Généreuse ndiye aliyelia. Alirudi nyumbani kwa miguu katikati ya hofu ile, akaleta kopo la maziwa ya unga, akalifungua mbele ya daktari. Ndani zilijaa nusu za vidonge, nyeupe, zimevunjika pembeni kama meno ya watoto. Alikuwa ameleta akiba yote. Alidhani sasa ndiyo siku mbaya yenyewe, na kwamba Apolline akipewa zote pamoja atapona. Daktari alilifunga lile kopo taratibu, akamwambia asimpe hata moja.

Mambo yalipotulia walimpima na Généreuse pia. Nisikilize vizuri hapa, Katungu. Hakuwa na tansio. Hakuwahi kuwa nayo. Kumbe kambini alizoea kuingiza makala yenye moto ndani ya hema ili apate joto usiku, na kwetu aliendelea hivyo hivyo, akilala na mbabula huku amefunga dirisha la chumba chake. Ulikuwa moshi. Kila usiku alikuwa akivuta sumu, kila asubuhi kichwa kikimgonga, na kila asubuhi akipewa nusu ya dawa isiyo yake. Wanawake wawili, magonjwa mawili, kidonge kimoja kimekatwa. Hakuna aliyekosa upendo. Kilichokosekana ni kupima.

Tuliporudi nyumbani, kambi zilikuwa zimevunjwa na watu wanarudishwa makwao. Généreuse alifunga mizigo yake. Aliniambia hawezi kula kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amemla afya. Mimi nilianza kumtolea maelezo marefu, unanijua. Apolline hakunisubiri nimalize. Alijikokota kutoka kitandani, akishika ukuta kwa mkono wa kushoto, akafika kwenye ule mzigo, akakaa juu yake. Alikaa hapo hadi jua likazama. Généreuse alimbembeleza, akamkaripia, akamwambia, “Wewe mama, utaniharibia sufuria zangu!” Apolline hakusogea. Mwishowe mwenye mzigo ndiye aliyekwenda kuwasha moto wa chakula cha jioni, na dirisha akaliacha wazi.

Alikaa bila kusema neno kwa sababu neno halikuwepo. Hilo ndilo jibu la swali lako, dada. Kiharusi kilimchukulia usemi. Wewe ulipopiga simu nilikuambia anaumwa, baadaye nikakuambia anaendelea vizuri, ameenda kanisani, yuko sokoni. Nilikupa nusu ya habari. Apolline ndiye aliyetaka hivyo: kila nilipomwekea simu sikioni aliisukuma, akatikisa kichwa kwa hasira, mpaka nikaelewa kwamba hataki uisikie sauti yake ikiwa imevunjika. Nimemtii muda mrefu. Lakini nilipokusikia ukicheka kuhusu vidonge kabatini, nilimweleza, naye akaniashiria kalamu. Habari nusu ni kama kidonge nusu. Haimponyi anayepewa.

Usimlilie. Ungemwona sasa ungemwogopa. Benny alimtengenezea kifaa cha kutembelea kwa mbao zile zile anazotumia kwa kazi yake, chenye mikono miwili kama ya chukudu. Kila asubuhi anatoka nacho hadi barabarani na kurudi, na majirani wanampisha njia, wanamuuliza kama amepata permi ya kuendesha, na kama anabeba gunia la viazi kwa bei gani. Anawatishia kwa mkono mzuri. Jana alikipita kiduka cha Mama Bibiche, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu augue. Mimi ninatembea nyuma yake, na nimegundua kwamba nami magoti yameacha kulalamika.

Chumvi ilikuwa vita nyingine. Muganga aliposema tupunguze, Généreuse alisema hapo tunarudishwa msituni. Siku za kwanza alikula huku amegeuka ukutani. Kisha akaona Apolline anakula chakula kile kile bila kukunja uso, akaona haya, akaanza kutafuta ladha mahali pengine: ndimu, seleri, kitunguu kingi, pilipili, tangawizi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wabichi badala ya wa chumvi. Sasa anapika vizuri kuliko zamani na anatudai tumsifu. Anasema chakula cha kukimbia ni kile usichokichagua. Hiki amekichagua mwenyewe.

Dawa inamezwa nzima, asubuhi, siku nzuri na siku mbaya. Ikikaribia kuisha tunamtafuta muganga kabla haijaisha, tunamuuliza yeye kuna nini badala yake. Kisu hakikaribii.

Najua wewe unauza makayabo, na mtu hauzi samaki wa chumvi huku akisema vibaya juu ya chumvi. Uza. Lakini yule wa kupika kwako mwenyewe mloweke usiku kucha, maji ubadilishe, tena ubadilishe, na sosi yake usiitie chumvi nyingine. Wafundishe na wateja. Watarudi, kwa kuwa watakuwa hai. Wivine amebeba pia kijiko kidogo cha mbao alichokichonga Benny. Ni cha chumvi: kijiko hicho kimoja, chungu kizima, basi. Ukikiona kidogo mno, ujue ndivyo nilivyomwagiza.

Sijui vita hii itaisha lini. Nimeishi nyingi, na kila moja nilidhani ni ya mwisho. Nilichojifunza ni kwamba mwili hausubiri mkataba wa amani. Wale wanaopigana hawatakuja kutuuliza kama tumemeza dawa. Hatuna uwezo juu ya barabara, wala juu ya benki zilizofungwa, wala juu ya bendera inayopandishwa kesho. Juu ya chungu chetu, miguu yetu, dirisha letu na kile kidonge cha asubuhi, tunao. Hapo ndipo nimeamua kusimama, na wewe nakutaka usimame hapo pamoja nasi. Sitaki siku moja nipite Uganda kuja kukuzika na watu wakiniuliza risasi iliingilia wapi.

Nisalimie Lévi, mumeo, na umwambie amani ya ndoa ni kula kinachopikwa. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na wazee wote wa parokia wanaonikumbuka. Généreuse anakusalimu, anasema bado anacheka kama mlango. Mungu akulinde, na akupe masikio.

Ni mimi kaka yako,
Julien Kataliko

Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, Apolline akanishika mkono. Nilimuuliza anataka nikuandikie nini. Amekuwa akilifanyia mazoezi jina lako tangu ile Jumapili, kule jikoni, akidhani simsikii. Amevuta pumzi muda mrefu, akalisema lote bila kuvunjika, na maneno mawili juu yake. Nayaandika kama alivyoyatoa:

Katungu, kapime leo.